Taa za Arusha na Mfereji wa Baba Mkubwa

Siku moja binti yangu, ambaye yuko darasa la sita, alirudi kutoka shuleni na kitabu chenye picha ya jiji la Kyoto huko Japani. Katika picha hiyo palikuwa na hekalu la kale la mbao, na ndani ya ua wake umekatiza mfereji wa maji uliobebwa juu ya nguzo za matofali mfano wa daraja la reli. Akaniuliza, "Baba, hawa walikubalije kupitishiwa bomba katikati ya mahali pao pa kusalia?" Nilimsahihisha kwamba lile si bomba bali ni mfereji. Swali lenyewe nililikwepa, maana jibu sikuwa nalo.

Nililitafuta vitabuni. Kumbe mji wa Kyoto, uliokuwa makao ya wafalme wa Japani tangu mwaka 794, ulipata pigo kubwa katika karne ya 19 mfalme na serikali yake walipohamia Tokyo. Mji ukabaki kama nyumba iliyohamwa. Wakuu wake waliobaki wakaamua kuchimba mfereji wa kuleta maji kutoka ziwa Biwa, lililo ng'ambo ya milima. Kazi ilianza mwaka 1885 ikamalizika 1890. Mwaka uliofuata maji yale yakazungusha mitambo ya umeme, na ilipofika 1895 umeme huo ukaendesha tramu ya kwanza ya umeme katika nchi nzima ya Japani. Tawi moja la mfereji lilipaswa kupita kwenye hekalu la Nanzen-ji. Halikulibomoa hekalu. Lilinyanyuliwa juu ya matofali, na hadi leo maji yanapita hapo huku waumini wakiendelea na ibada zao.

Nilimsimulia hayo binti yangu nikidhani nimemaliza kazi. Akauliza tena, "Na kwetu je, mji wa namna hiyo, wenye mambo ya zamani na ya sasa pamoja, uko wapi?" Mama yake, ambaye ni Mmeru wa Nkoaranga na hajapata kukosa nafasi ya kupasifu kwao, alinitangulia kujibu: "Arusha."

Nikaguna. Lakini nauli ya Kyoto sina, na ya Arusha, kwa msaada wa chama cha akiba na mikopo cha hapa kazini, ilipatikana. Likizo ya shule ilipoanza tukapanda basi alfajiri. Njia hiyo wengi wenu mnaijua: Chalinze, Segera, Korogwe, kisha milima ya Upare mkono wa kulia kwa masaa mengi, vumbi la Same, Moshi, na hatimaye, jioni, mlima Meru umesimama peke yake mbele ya kioo cha dereva. Mlima huu una urefu wa zaidi ya mita 4,500, lakini kwa kuwa jirani yake ni Kilimanjaro, watu huuangalia kama mtoto wa pili katika nyumba yenye kifungua mimba hodari. Taa za jiji zilikuwa zinawaka chini yake, nyingi kuliko nilivyotazamia. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu zaidi ya 400,000 katika jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 600,000. Ongezeko hilo la watu laki mbili kwa miaka kumi, ndugu msomaji, liweke akilini, maana nitalirudia.

Siku ya kwanza tulitembea mjini kama wageni wafanyavyo. Tulianzia kwenye Mnara wa Saa, ambao wenyeji husema umesimama nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Niliporudi nilipima kwa rula kwenye ramani ya ukutani hapa ofisini, nikaona hawakukosea sana. Kutoka hapo tulikwenda kwenye Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho. Kuta zake nene zilijengwa kwa mikono ya Waarusha na Wameru waliolazimishwa kazi baada ya kushindwa vitani. Binti yangu alizigusa kwa kidole, akanyamaza. Huko Kaloleni tuliingia katika Makumbusho ya Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Kisha tukapita kwenye jumba la mikutano la kimataifa lenye majengo matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Jumba hilo lilijengwa liwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, likabaki kama nguo ya harusi ya posa iliyovunjika. Hata hivyo halikukaa bure. Ndani yake ndimo ilimofanyia kazi Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi ilipofungwa mwaka 2015, na Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1999, nayo imerudi Arusha na kujengewa nyumba yake.

Katikati ya yote hayo maisha yanakwenda mbio. Vifodi, ndivyo wenyeji waitavyo daladala zao, vinagombania abiria na bodaboda. Mzee wa Kimasai mwenye rubega na fimbo alikuwa amesimama dirishani kwa wakala wa fedha za simu, akimkaripia mtu fulani wa mbali kuhusu bei ya ndama. Katika maduka ya vinyago mke wangu alisifia mkufu wa shanga. Muuzaji, kijana mkweli, akamwambia kwamba shanga zenyewe hutoka ng'ambo, ila ufundi wa kuzitunga ndio wa akina mama wa Kimasai. Nilitaka kuandika kwamba hapo ndipo nilipoona mambo ya kale na ya kisasa yameshikana mikono. Lakini nitakuwa nakudanganya. Ile ni mila iliyotundikwa ukutani na kuwekewa bei. Mgeni akiacha kuja, nayo inashushwa.

Mila yenyewe niliikuta siku ya pili.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru. Mahali hapo pana historia yake: mwaka 1942 walianza kuletwa hapo wakimbizi wa Kipolandi, maelfu ya akina mama na watoto waliokuwa wamefukuzwa makwao na vita, na makaburi ya waliofia hapo yangalipo. Siku tuliyofika sisi palikuwa pamejaa ndizi. Mikungu ya mishale, ya mizuzu, ya kisukari, nyanya kwa matenga, maharage mabichi, kabichi, na akina mama waliokuwa wameteremka nayo tangu giza la alfajiri. Sehemu kubwa ya vyakula hivyo hupandishwa magari kwenda katika masoko ya mjini Arusha, na mingine ya ile mikungu husafiri hadi kwako Dar es Salaam. Nasi tukapanda juu kwenda Nkoaranga kwa baba mkubwa wa mke wangu, mzee aliyevuka miaka themanini.

Shamba lake halina ekari mbili. Juu kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna magimbi na maharage, na pembeni pana zizi lenye ng'ombe wawili wanaolishwa vigogo vya migomba na majani. Samadi yao inarudishwa kwenye shina la mgomba. Hakuna kinachotupwa. Na katikati ya vyote hivyo, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayezungumza peke yake, mfereji unapita.

"Huu babu yangu aliukuta," alisema mzee, baada ya salamu na baada ya kupakuliwa loshoro ambayo mimi, mkwe, nililazimishwa kurudia mara ya pili. Wameru na Waarusha walichimba mifereji ya namna hii kabla ya Mjerumani kufika. Wanaziba sehemu ya mto huko juu kwa mawe, magogo, vigogo vya migomba na udongo, kisha maji yanaongozwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno hata ukitazama kwa jicho utadhani yanapanda. Hakuna pampu, hakuna mafuta. Kabla ya mvua kila kaya hutoa mtu wa kuzibua matope. Asiyetokea hutozwa faini. Zamani ilikuwa pombe au mbuzi, siku hizi ni fedha. Maji hugawanywa kwa zamu, mchana na usiku, na mgawaji hutokana na watumiaji wenyewe. Zamu zenyewe, nilizozitazamia kuziona zimekatwa alama kwenye mti, mzee alinionyesha ndani ya simu. Mwenyekiti wa mfereji huzituma kila Ijumaa jioni. Baba mkubwa hasomi vizuri bila miwani, basi mjukuu humsomea, naye huamka saa tisa usiku na tochi na jembe kwenda kufungua maji yake.

Nilimwonyesha binti yangu yanakokwenda. Yanayobaki hurudi mtoni. Mito ya upande huu wa Meru hukutana katika mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako huzungusha mitambo ya umeme, kisha yanakuwa mto Pangani, yanazungusha mingine huko Hale na Pangani, na ndipo yanaingia bahari ya Hindi. Akakumbuka tramu ya Kyoto kabla sijamkumbusha.

Maji hayo, nisikufiche, yana kasoro yake. Sehemu nyingi za Meru yamebeba madini ya floridi kupita kiasi, nayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia isiyotoka. Mke wangu akicheka utajua kwao ni wapi. Ameniruhusu niandike hivyo.

Basi tulipokuwa tumekaa, akaingia shemeji, mtoto wa mwisho wa mzee, ambaye ni dereva wa magari ya watalii mjini. Akamsalimu baba yake kwa heshima zote, akakaa mbali kidogo. Nikahisi kuna jambo. Mke wangu alinivuta pembeni akanieleza. Shemeji amepata mtu wa mjini anayetaka kununua sehemu yake ya shamba ili ajenge nyumba ya wageni. Mfereji unapita katikati ya sehemu hiyo. Mnunuzi hataki maji ya wazi ndani ya ua wake, hataki majirani waingie na majembe usiku, na atazungusha ukuta. Chini ya hapo kuna kaya zaidi ya ishirini.

Ndugu msomaji, ni rahisi kumlaumu kijana. Mimi nilianza kumlaumu moyoni kabla hajafungua mdomo. Lakini alipozungumza sikuona tamaa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege duniani, watalii walikatika kama maji yaliyozibwa, naye alikuwa na mkopo wa gari. Gari lilichukuliwa, deni likabaki. Watoto wake watatu wako shule. Sehemu aliyogawiwa, akipanda kahawa yote, haimlipii ada ya mtoto mmoja. "Baba aligawiwa ekari nne, mimi nimepata robo," aliniambia. "Mwanangu nitamgawia nini, kivuli?" Hilo ndilo lile ongezeko la watu laki mbili nililosema. Jiji linapanda mlima, na mlima nao unagawanywa kwa urithi hadi unakuwa vipande vya leso. Anayenunua kipande anatafuta hewa nzuri na mandhari. Anayeuza anatafuta ada. Wote wawili wana haja ya kweli.

Mzee alisikiliza akitazama chini. Kisha akasema habari ambayo, kwa mara ya kwanza, haikuhusu mfereji. Mwaka 1951, alipokuwa mtoto mdogo, serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet hadi New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. "Baba yangu alitoa fedha ya kahawa ya msimu mzima," alisema mzee. "Hakuwa na shamba huko Engare Nanyuki. Hata ndugu hakuwa naye huko. Alitoa kwa sababu walikuwa watu wa mlima huu." Akanyamaza, akamtazama mwanawe. "Sikukatazi kuuza. Karatasi ni yako, sheria ni yako. Nakuuliza tu, ukuta huo ukishajengwa, mimi nitapita wapi saa tisa usiku?"

Shemeji hakujibu. Sheria, kwa kweli, haikunyamaza kabisa. Sheria ya mwaka 2009 ya rasilimali za maji inataka watumiaji wawe na kibali, na inatambua jumuiya zao. Mfereji huu, kwa bahati nzuri, umeandikishwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mwenyekiti wa mfereji angeweza kupeleka shauri mbele. Lakini mzee hataki mwanawe apelekwe kokote. Hapo ndipo ugumu ulipo, na sheria haina kifungu chake.

Tulikaa kimya muda mrefu hata nikaanza kusikia maji. Ndipo binti yangu, ambaye hakuulizwa na ambaye kwa desturi alipaswa kunyamaza, akasema, "Si wayapitishe juu, kama Wajapani?"

Mama yake alimkazia macho. Mzee akauliza Wajapani gani. Kitabu kikatolewa kwenye mkoba. Mzee akavaa miwani, akaitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliuliza hekalu ni nini, akaambiwa ni mahali pao pa ibada. Aliuliza kama wenye hekalu walikasirika. Sikujua, nikamwambia maji yangalipo na hekalu lingalipo. Kisha akauliza swali ambalo katika kusoma kwangu kote sikulifikiria: "Matope wanayatoa vipi huko juu?"

Hilo ndilo swali la mtu aliyezibua mfereji miaka sitini. Shemeji alicheka, cha kwanza tangu aingie, akasema kwamba tatizo si matope bali ni nani atanunua matofali. Lakini alikuwa amesogeza kigoda karibu. Wakaanza kubishana, baba na mwana, juu ya mahali ambapo maji yangeweza kuhamishiwa: ukingoni mwa shamba, nje ya ukuta, kwa njia iliyojengewa mawe na kuachwa upenyo wa mtu na jembe lake. Mwana alisema mnunuzi atapunguza bei. Baba alisema apunguze. Mwana akasema ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyedaiwa. Baba hakukasirika, aliingia ndani, akatoka na daftari la chama cha ushirika, akaanza kuhesabu kahawa iliyobaki ghalani kwa sauti, kilo baada ya kilo, na mke wangu akatutoa nje mimi na mtoto, kwa sababu mambo ya fedha ya ukoo mkwe hakai kuyasikiliza.

Kesho yake asubuhi fundi alikuja na kamba akapima. Alisema inawezekana, ila mteremko ni mdogo na kona moja italeta matope. Mwenyekiti wa mfereji naye alipita, akasema jambo hilo lazima lifike kwenye mkutano wa watumiaji wote, maana mfereji si wa nyumba moja. Mnunuzi alipopigiwa simu alisema atafikiria. Hayo ndiyo tuliyoyaacha tulipoteremka Tengeru kuwahi basi, tukiwa tumebebeshwa mkungu wa mishale ambao ulitugharimu ugomvi na utingo hadi Chalinze.

Nimerudi ofisini wiki ya tatu sasa. Mnunuzi, naambiwa, bado anafikiria. Mkutano uliitishwa mara moja ukaahirishwa kwa ajili ya msiba. Binti yangu ameomba namba yake iingizwe katika orodha ya simu ya mwenyekiti, na yule bwana, kwa sababu anazozijua mwenyewe, amekubali. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni, hapa Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga isiyo na hata chungu cha ua, tunasomewa zamu za maji za Nkoaranga. Juzi mzee alipewa Jumapili, saa tisa usiku.